Mtihani Usioruhusu Kurudi Nyuma

Tangazo lenyewe lilikuwa na mistari tisa tu, na mstari wa sita ndio uliomchoma. Karani wa kumbukumbu alimsomea kutoka kwenye skrini ya kompyuta, polepole, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo.

"Sehemu ya insha imeondolewa."

"Rudia hapo."

"Sehemu ya insha imeondolewa. Badala yake watahiniwa watajibu maswali ya kusoma majedwali na grafu."

Mwanamke aliyesimama nyuma ya kiti cha karani aliitua ndoo yake ya deki sakafuni. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanaume, umri wake miaka thelathini na minne, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametandika vitanda, amemwaga mikojo, amewageuza wagonjwa ubavu hadi ubavu na kuwashika mikono wakati wa kuchomwa sindano. Wagonjwa walimwita nesi. Manesi wenyewe walisahihisha papo hapo: "Huyo si nesi, ni mhudumu." Mbeba machela mmoja, mtu wa utani, akaamua kesi hiyo kwa kumpa jina la Nusu Nesi, na jina likamganda kama plasta kwenye nywele.

Alikuwa amekwisha kuufanya mara mbili mtihani wa kujiunga na vyuo vya afya. Mara ya kwanza alipata sitini na moja. Mara ya pili sitini na sita. Waliochukuliwa walikuwa wa sitini na nane kwenda juu. Katika hizo sitini na sita, insha peke yake ilimpa ishirini na saba kati ya thelathini. Ndiyo iliyokuwa mbeleko yake. Hesabu zilimwangusha, sayansi ikamwacha katikati, insha ikambeba.

"Kuna kingine?" aliuliza.

Karani, ambaye hospitali nzima ilimwita Faili, alimtazama kwa huruma kabla ya kuendelea. "Mtihani utafanywa kwa kompyuta. Swali likishajibiwa, mtahiniwa hataweza kulirudia."

Hapo Nusu Nesi akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Katika mitihani yote miwili alikuwa na mtindo wake: swali gumu analipita, analiwekea nyota ndogo kwa penseli, anamaliza mepesi, kisha anazirudia nyota zake moja moja akiwa ametulia. Sasa wamemnyang'anya insha, na nyota nazo wamezichukua.

"Zimebaki wiki tisa," alisema Faili.

"Najua kuhesabu mpaka tisa," alijibu, kisha akaona haya. "Samahani, shoga yangu. Si wewe."

"Najua si mimi. Njoo saa ya chakula cha mchana. Nitakuachia kompyuta nusu saa, mimi nile. Ila usiguse mafaili ya watu."

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nyumbani alikuwapo Mjomba.

Mjomba, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu ana miaka tisa. Alikuwa amefundisha lugha shuleni miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi walimbatiza Mwalimu Aya, kwa kuwa kwake adhabu ya kosa lolote, hata la kuvunja dirisha, ilikuwa kuandika aya moja safi. Tangu astaafu alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, naye ni mpwa wake. Kila Jumamosi Nusu Nesi aliandika insha mezani, na kila Jumapili ilirudi imejaa wino mwekundu kama chachi iliyotoka kwenye kidonda. Zilikuwa insha mia moja na nne. Mjomba alizitunza kwenye kasha la viatu, zimefungwa kwa uzi kumi kumi.

Alipoelezwa habari, hakuinua hata macho kutoka kwenye gazeti.

"Haiwezekani."

"Mjomba, nimesomewa tangazo."

"Umesomewa na nani? Na karani wa mafaili? Mtihani wa watu wanaokwenda kuandika taarifa za wagonjwa, uondolewe insha? Nesi atapokezana zamu na mwenzake kwa grafu?" Alikunja gazeti. "Ni fununu. Jumamosi utaandika juu ya usafi wa maji. Aya sita."

"Sitaandika insha, Mjomba. Haipo tena."

"Ipo mpaka nitakapoona muhuri."

Baada ya wiki mbili ukaja mwongozo wenye muhuri, kurasa kumi na nane. Mjomba aliusoma wote, akausoma tena, akaenda kumwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Aliporudi alisema, "Wamekosea. Itabidi waambiwe." Jumamosi akaweka karatasi mezani kama kawaida: usafi wa maji, aya sita. Nusu Nesi akaiandika, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kugombana baada ya zamu. Aliandika huku amekasirika, na kwa bahati mbaya ikatoka insha nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Mjomba akampa ishirini na tisa. Ilikuwa kama kusifiwa kwa kupika chakula cha wageni ambao wameghairi kuja.

Mchana, wakati Faili anakula, yeye alipambana na mausi ya kompyuta. Mkono uliozoea kukamua tambara la deki na kumkalisha mgonjwa wa kilo tisini haukuweza kuelekeza kamshale kwenye kiduara kidogo. Kamshale kalimponyoka kama kunguni. Alibofya herufi B, ikawekwa alama C. Alibofya mara moja, hakuna kitu. Alibofya mara mbili, ukurasa ukafunguka mwingine wenye picha za watu wanaotabasamu.

"Usiikabe," Faili alimwambia na mdomo umejaa. "Ishike kama unampima mtoto joto."

Wiki tano kabla ya mtihani, Bodi inayousimamia ikaweka kwenye tovuti mtihani wa majaribio. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo lilimkosesha raha kabisa. Ukurasa wa saba wa mwongozo ulisema hivi: jibu lisilo sahihi litapunguza robo alama, hivyo mtahiniwa asiye na hakika aliache swali wazi. Vizuri. Lakini kwenye mtihani wa majaribio, ukiliacha swali wazi na kubofya "Endelea", kompyuta iligoma. Maandishi mekundu yalitokea: *Chagua jibu kwanza.* Alijaribu mara tatu. Akamwita Faili, naye akajaribu. *Chagua jibu kwanza.*

"Kwa hiyo ukikosea unakatwa," alisema Nusu Nesi, "na usipojibu huendi mbele, na ukienda mbele hurudi nyuma."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Sasa hawa watu wanataka nini?"

Alipiga simu Bodi siku mbili mfululizo. Siku ya kwanza simu iliita mpaka ikakata. Siku ya pili ilipokelewa na sauti ya kike iliyosema maelezo yote yapo kwenye tovuti, ikaaga kwa upole, na kukata kabla hajamaliza kusema "lakini". Akaamua kwenda mwenyewe siku yake ya mapumziko. Kosa alilofanya ni kumwambia Mjomba.

Mjomba alivaa koti lake la mikutano ya wazazi. Mkononi alishika bahasha ya khaki na ndani yake barua ya kurasa tatu, aliyokuwa ameiandika kwa siku nne na kuinakili kwa siku moja.

"Mjomba, nakwenda kuuliza swali moja tu."

"Na mimi nakwenda kusema neno moja tu."

Ofisi ya Bodi ilikuwa ghorofa ya pili, ukumbi wenye madirisha matano ya vioo na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa chuma ili visihamishwe. Madirisha manne yalikuwa na mapazia. La tatu, lenye maandishi MAULIZO, ndilo lililokuwa na mtu. Walikaa saa mbili na nusu. Mbele yao watu walitoka wamekunja sura, mmoja baada ya mwingine. Zamu yao ilipofika ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Ofisa wa dirishani alikuwa kijana mwenye shati jeupe na macho mekundu ya mtu aliyekwisha kuulizwa swali lile lile mara mia.

"Karibuni. Maelezo yote yapo kwenye tovuti."

"Nimeyasoma, kaka. Ndiyo yaliyonileta. Ukurasa wa saba wa mwongozo unasema..."

"Kijana," Mjomba aliingilia, akapitisha bahasha kwenye tundu la kioo, "shikamoo zako nitazipokea baadaye. Kwanza soma hiyo."

Ofisa alishtuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Soma."

"Mzee, hapa tunapokea maulizo. Barua ni dirisha la tano."

"La tano limefungwa kwa pazia."

"Fundi wake yuko likizo."

"Barua inahitaji fundi?"

Watu waliokaa nyuma wakacheka, na kicheko kikampa Mjomba nguvu. Akaanza kuisoma barua yake kwa sauti, kwa matamshi yale yale yaliyowahi kufika mpaka dawati la mwisho la darasa la watu sitini. Akaeleza insha ni nini. Akaeleza kwa nini anayeshindwa kupanga fikra kwenye karatasi hawezi kumpanga mgonjwa kitandani. Nusu Nesi alimvuta koti mara mbili. Mara ya tatu alimvuta mpaka mshono ukalia. Mjomba alikuwa ukurasa wa pili alipoona ofisa ananyanyua muhuri, anaupiga kwenye bahasha, IMEPOKELEWA, na kuanza kukusanya funguo zake.

"Asante sana, mzee. Itafanyiwa kazi. Ni saa saba, tunafunga kwa chakula. Mchana leo hatufungui, kuna kikao."

Pazia likavutwa.

Nusu Nesi alishuka ngazi mbili mbili. Alilipuka walipofika barabarani, mbele ya duka la vitabu na kalamu, na alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu aliyemlea.

"Saa mbili na nusu, Mjomba! Nimekaa kwenye kile kiti mpaka miguu imekufa ganzi. Nilikuwa na swali moja. Moja!"

"Nilikuwa nakupigania."

"Hukunipigania mimi, uliipigania insha! Mimi sina shida na insha. Insha naijua. Ninachotaka ni kujua nikibahatisha nakatwa au sikatwi. Basi! Wewe unataka warudishe mtihani wako ili uendelee kunisahihisha mpaka nifikishe miaka hamsini."

Mwenye duka alitoa kichwa, akakirudisha. Mjomba alisimama na mikono yake mitupu, hakujua aiweke wapi sasa kwa kuwa bahasha haipo.

"Nilidhani," alisema, kisha akaacha. Hakuimaliza sentensi hiyo, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akiwaadhibu watu kwa sentensi zisizokamilika. Walirudi nyumbani kila mtu kivyake, mpwa mbele, mzee nyuma hatua ishirini.

Siku iliyofuata, baada ya zamu ya asubuhi, alirudi Bodi peke yake. Hakubadili hata sare. Alikuwa na ukurasa wa saba, Faili alikuwa amemchapishia, na mstari wenyewe ameupigia kalamu ya kijani. Dirishani alikuwapo yule yule kijana. Alipomtambua, alichungulia kwanza nyuma yake.

"Mzee hakuja," Nusu Nesi alisema. "Fungua mtihani wa majaribio kwenye kompyuta yako."

"Mama, maelezo yote..."

"Yapo kwenye tovuti. Ifungue basi hiyo tovuti. Siondoki hapa, kaka yangu, na nyuma yangu kuna watu kumi na wanne."

Kijana akaifungua. Nusu Nesi akamwambia aache swali la kwanza wazi na kubofya "Endelea". Alibofya. Akasogea karibu na skrini. Akabofya tena.

"Inasema nini?" aliuliza Nusu Nesi.

"Inasema chagua jibu kwanza."

"Sasa soma huu mstari wa kijani."

Kijana aliusoma, midomo yake ikicheza. Akakuna shingo. Akabofya tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba kompyuta haikumsikia vizuri. Kisha akaondoka na karatasi, akarudi na mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mkuu wa kitengo.

"Tatizo hilo linajulikana," alisema mkuu wa kitengo.

"Linajulikana na nani?"

"Na sisi."

"Sisi tunaofanya mtihani hatulijui."

"Litarekebishwa."

"Lini?"

"Kabla ya mtihani."

"Mtihani ni baada ya mwezi mmoja na siku mbili, mama. Mimi najiandaa leo. Nijiandae kwa ajili ya kubahatisha au kwa ajili ya kuacha?"

Mkuu wa kitengo alivaa miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza, sare, viatu vya mpira, vidole vyenye harufu ya dawa ya kusafishia. "Kwa yote mawili," alijibu. Na kusema kweli hakuwa na dharau. Alionekana kama mtu ambaye naye hajaambiwa.

Nusu Nesi alishuka ngazi akiwa na hasira kiasi kwamba alipita kituo chake na kutembea hadi cha pili.

Nyumbani alimkuta Mjomba amekaa mezani na mkasi. Mbele yake palikuwa na vipande vya magazeti: grafu ya mvua, jedwali la ajali za barabarani, duara lililokatwakatwa kama keki kuonyesha watu wanatumia saa ngapi kulala. Kasha la insha halikuwapo mezani. Hawakuwa wamesemezana tangu jana.

"Kaa," alisema mzee. "Hiki kidude kinasema nini?"

"Kipi?"

"Hiki chenye mistari miwili. Nimekitazama tangu saa nne. Mstari mmoja unapanda, mwingine unashuka, wanakutana hapa, wanaachana. Kama ni ndoa naelewa. Kama ni malaria sielewi."

Alitaka kubaki amenuna, lakini kicheko kilimtoka puani. Akavuta kiti. Akamweleza kuwa chini ni miezi, ubavuni ni idadi ya wagonjwa. Mjomba akauliza kwa nini idadi isimame na miezi ilale. Akauliza mstari ukikatika ina maana watu wamekufa au karani amelala. Alikuwa mwanafunzi mbishi kupita kiasi. Kila kitu alitaka kithibitishwe. Na kila alipombana, Nusu Nesi alijikuta hana jibu, akarudi kwenye kitabu kutafuta, akamrudia nalo. Baada ya siku kumi Mjomba aliweza kusoma grafu yoyote kwenye gazeti na kuikosoa. Nusu Nesi mwenyewe alikuwa hazisomi tena. Alikuwa anaziona tu, kama anavyoona uso wa mgonjwa na kujua joto limepanda.

Hilo la kutorudi nyuma ndilo lililomshinda. Hapo pia Mjomba alipata dawa. Aliandika maswali kwenye vipande vya karatasi, swali moja kipande kimoja, akawa anampa kimoja kimoja. Akishajibu tu, kinapokonywa na kutiwa mfukoni.

"Imekwenda."

"Mjomba, subiri, nimekosea! Ilikuwa gawanya, si zidisha. Nipe kidogo."

"Imekwenda."

"Tafadhali, Mjomba."

"Mashine haina mjomba. Swali la tisa."

Siku ya kwanza alipiga meza. Siku ya tatu alilia, machozi ya hasira, kwa sababu alikuwa na jibu sahihi la swali la nne lakini akili yake iligoma kuondoka kwenye swali la tatu. Ilikuwa imebaki nyuma, ndani ya mfuko wa Mjomba, ikigombana na kipande cha karatasi. Mwishoni mwa wiki ya tatu alikuwa anaweza kuacha. Hakufurahia. Alijibu, akasikia "imekwenda", akavuta pumzi kama anavyofanya anapotoka kwa mgonjwa aliyefariki kwenda kwa aliye hai kitanda cha pili, akashika lililofuata.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, Bodi ikatoa masahihisho. Faili alimpigia simu wodini, na yeye alikimbia kwenye korido na glovu mkononi.

"Wameondoa ile robo alama!" alisema Faili. "Ukikosea hukatwi. Wamekusikiliza, shoga!"

"Alhamdulillahi."

"Ngoja kwanza." Faili alishusha sauti. "Muda pia wamerekebisha. Ilikuwa dakika tisini. Sasa ni sabini na tano."

Nusu Nesi alivua glovu moja, kisha ya pili, akazikunja moja ndani ya nyingine. "Maswali yamepungua?"

"Hapana. Hamsini yale yale."

"Basi sawa," alisema, ingawa hapakuwa na lolote lililokuwa sawa. Jioni hiyo Mjomba alikata dakika kumi na tano kwenye saa yake ya mkononi na wakaanza tena mwanzo.

Siku ya mtihani walikuwa watu sitini ukumbini, wengi wao wasichana waliomaliza shule mwaka jana, wenye vidole vyepesi. Mmoja alimwamkia na kumuuliza choo kiko wapi, akidhani ni mfanyakazi wa pale. Akamwelekeza, maana alikuwa amekwisha kukiona. Kiti chake kilikuwa cha arobaini na mbili, karibu na feni.

Swali la kwanza hadi la thelathini alikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Mausi ilimtii. Kulikuwa na jedwali la dozi za watoto kwa uzito, akalimaliza kabla hajamaliza kulisoma. Swali la kumi na saba alijua amelikosea mara tu alipobofya. Ubongo ukataka kugeuka, akaukataza.

Kwenye swali la thelathini na moja, skrini iliganda. Kamshale hakakusogea. Lakini saa ya juu kulia iliendelea kuhesabu, sekunde baada ya sekunde, hiyo haikuwa na tatizo lolote. Akanyoosha mkono.

Msimamizi alikuja kwa mwendo wa harusi. Akaitikisa mausi. "Subiri, mama. Huwa inarudi yenyewe."

"Saa haisubiri. Ona."

"Itarudi."

"Mwite fundi."

"Mama, usipige kelele, wenzako wanafanya mtihani."

"Na mimi nimekuja kufanya nini?"

Vichwa viligeuka. Zamani angeketi, angesema samahani. Lakini miezi miwili ya tovuti na mapazia ilikuwa imemmalizia uvumilivu. Alisimama wima. "Naomba uandike kwamba mashine namba arobaini na mbili imekufa saa nne na dakika tatu. Uandike sasa hivi, mimi nikiona, na mimi niweke sahihi." Msimamizi alitazama huku na huku, akatoa fomu, akaandika. Fundi alifika, akachomoa waya, akauchomeka tena. Skrini iliporudi dakika saba zilikuwa zimepotea, na hakuna aliyemrudishia hata moja.

Maswali sita ya mwisho aliyajibu bila kuyasoma. Alibofya B, B, B, kama mtu anayefunga madirisha mvua imekwisha kuingia.

Matokeo yalitakiwa kutoka baada ya wiki tatu, yakatoka baada ya tano. Wala hayakuwa na alama. Bodi ilikuwa imebadilisha hilo pia. Faili alimgeuzia skrini ajionee: *Daraja B.*

"B ni nini?"

"Wameandika hapa chini: mtahiniwa wa Daraja B anaweza kuitwa."

"Anaweza. Si ataitwa."

"Anaweza."

"Faili, mimi nitakufa na hawa watu."

Alisubiri siku nane, akitandika vitanda kwa nguvu mpaka muuguzi mkuu akamuuliza magodoro yamemkosea nini. Siku ya tisa aliomba ruhusa ya saa mbili na kwenda moja kwa moja chuoni alikoomba nafasi. Msajili wa chuo alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye daftari kubwa la mistari, kwa kuwa kompyuta yake, alisema, ilikuwa inajisasisha tangu jana. Alitafuta kwa kidole.

"Wa A wamechukuliwa wote. Wa B tunawachukua kwa mpangilio. Wewe ni wa nne."

"Nafasi zilizobaki ni ngapi?"

"Saba."

Nusu Nesi alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo nimepata?"

"Sijasema umepata, dada. Nimesema wewe ni wa nne na nafasi ni saba. Barua zitatoka."

"Mama," alisema, "nimeulizwa maswali hamsini kwenye mashine isiyorudi nyuma. Naomba mtu mmoja, leo, anijibu mimi swali moja. Nne inaingia kwenye saba, haiingii?"

Msajili alimtazama, kisha akatazama mlangoni, kisha akacheka hadi mabega yakatikisika. "Inaingia, mwanangu. Inaingia na tatu zinabaki. Masomo ni tarehe mbili. Njoo na picha nne."

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za chuo, akasubiri furaha. Ilichelewa. Kilichokuja kwanza ni uchovu, halafu hasira zote za miezi mitatu zilizokuwa hazijapata pa kwenda. Akalia kidogo, akajifuta kwa kanga aliyojitanda, akatazama saa, akaona zimebaki dakika ishirini za ruhusa yake, akarudi kazini kumalizia zamu.

Saa tisa mchana alimkuta Mjomba nyuma ya nyumba, anang'oa magugu kwenye mchicha.

"Nimepata," alisema. "Tarehe mbili."

Mzee aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. Akaipangusa mikono kwenye suruali, akamshika mpwa wake kichwani kwa viganja viwili vyenye udongo, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo na ana homa.

"Walikwambiaje?" aliuliza hatimaye.

Nusu Nesi akaanza kumweleza. Alimweleza Daraja B, na neno "anaweza", na daftari la mistari, na kompyuta inayojisasisha tangu jana, na saba na nne. Kadiri alivyoeleza sauti ilipanda, mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Alirudi nyuma hadi kwa msimamizi wa mwendo wa harusi na zile dakika saba, akawapitia wote, mmoja mmoja, kwa majina aliyowapa mwenyewe. Mjomba aligeuza ndoo, akaikalia, akasikiliza.

"Umemaliza?" alimuuliza alipotua kuvuta pumzi.

"Bado."

"Haya, endelea. Sina pa kwenda."

Akaendelea.